Andaa pikipiki kabla ya kumpandisha abiria

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika kaunti yetu ya Kilifi ni za injini ya cc 100 hadi 150. Ikiwa na mafuta na oili, pikipiki ya aina hiyo ina uzani wa kilo 110 hadi 130 hivi. Dereva wa kilo 70 akipanda, na abiria wa kilo 70 akaketi nyuma yake, watu hao wawili ni wazito kuliko chombo kinachowabeba. Hata gari dogo likijaa watu watano halifikii hali hiyo.

Mwenye pikipiki mpya akitoka nayo dukani, mara nyingi huanza kwa kuweka mwavuli, vibandiko, redio na taa za rangi. Hakuna ubaya. Lakini shoki za nyuma hubaki palepale zilipowekwa na kiwanda, upepo wa tairi hubaki ule wa dereva mmoja, na taa ya mbele huelekea pale ilipoelekea siku ya kwanza. Kisha chombo hicho kinaanza kubeba watu wawili, safari ishirini kwa siku, kwenye lami, kifusi na mchanga. Makala haya yanaeleza kazi ambayo fundi, au dereva mwenyewe mwenye spana mbili na geji ya upepo, anaweza kuifanya kwa muda usiozidi saa moja. Abiria pia asome, kwa sababu mengi yanayoelezwa hapa anaweza kuyaona kwa macho yake akiwa stejini, kabla hajapanda.

Uzani unakaa wapi

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba uzani wa dereva na uzani wa abiria haufanyi kazi sawa. Dereva hukaa karibu na katikati ya pikipiki, hivyo uzani wake hugawanyika mbele na nyuma. Abiria hukaa karibu kabisa juu ya ekseli ya nyuma. Takriban uzani wake wote unabebwa na tairi moja, shoki mbili na spoki za gurudumu moja. Gurudumu la mbele halipati chochote cha maana kutoka kwake.

Hapo bado hali ni nzuri, kwa sababu kiwanda kilitarajia abiria mmoja akae mahali hapo. Shida huanza mzigo unapopita nyuma ya ekseli. Pikipiki inageuka pembea ya watoto: ukikandamiza upande mmoja, wa pili unainuka. Chukua mfano wa kerea ya chuma iliyochomelewa nyuma ya kiti, ikabebeshwa mzigo wa kilo 40 ulio sentimita 40 nyuma ya ekseli. Kama umbali kati ya ekseli mbili ni sentimita 128, gurudumu la mbele linapunguziwa kilo 12 na nusu. Gurudumu hilo ndilo linaloongoza pikipiki na ndilo lenye breki inayosimamisha zaidi. Dereva husema usukani "umekuwa mwepesi". Akipanda kilima cha Kaloleni au Rabai, anausikia ukielea mikononi. Akifunga breki ya mbele kwenye kifusi wakati huo, tairi linateleza.

Abiria wa pili ana athari hiyohiyo, na zaidi. Ili apate nafasi, abiria wa kwanza anamsukuma dereva mbele hadi magoti yake yanagusa usukani, naye wa mwisho anakaa kwenye kerea au kwenye kiti kilichorefushwa. Baadhi ya mafundi hurefusha viti kwa sababu wateja wanataka, na kiti kirefu kinaonekana kama mali. Ukweli ni kwamba fremu, rimu na breki hazirefuki pamoja nacho. Ukitaka kuiandaa pikipiki ibebe abiria vizuri, anza kwa kuondoa vilivyoongezwa nyuma ya ekseli ili kubeba wawili.

Upepo wa tairi

Hakuna marekebisho yaliyo rahisi kuliko haya, wala yanayopuuzwa zaidi. Kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu, mtengenezaji huelekeza karibu psi 25 kwa tairi la mbele, psi 28 kwa la nyuma dereva akiwa peke yake, na psi 32 au zaidi kwa la nyuma kukiwa na abiria. Namba kamili za pikipiki yako zimo kwenye kitabu chake, na mara nyingi kwenye kibandiko kilichobandikwa kwenye kifuniko cha cheni au karibu na kiti. Fuata hizo. Usifuate namba ya juu kabisa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi; hiyo ni kikomo cha tairi lenyewe.

Dereva wa boda boda hubeba abiria karibu kila safari, kwa hivyo upepo wake wa kila siku uwe ule wa watu wawili. Sababu yake ni hii: tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavu kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto. Matairi mengi ya boda boda yana tyubu ndani. Tairi legevu huteleza kidogo kwenye rimu kila unapofunga breki, likaivuta tyubu, na tyubu ikachanika pale kwenye vali. Tyubu iliyochanika haitoi upepo polepole kama tairi la gari lisilo na tyubu. Hutoka wote mara moja, na ikiwa ni gurudumu la nyuma lenye abiria juu yake, pikipiki huanza kuyumba kama mkia wa samaki.

Pima asubuhi tairi likiwa baridi, kabla jua halijalipasha na kabla ya safari ya kwanza. Pima kwa geji. Kubonyeza kwa kidole au kulipiga teke hakuwezi kukuonyesha tofauti ya psi 22 na psi 32, hata uwe umeendesha miaka kumi. Geji ndogo ya mkononi inatosha steji nzima, mkiinunua kwa kuchanga.

Wanaofanya kazi njia za ndani za Magarini na Ganze wanajua kwamba tairi lenye upepo kidogo hupita vizuri mchangani. Ni kweli, na ndiyo maana wengi hulitoa upepo kwa makusudi. Hatari iko pale unapoibuka kwenye lami na kuongeza mwendo hadi kilomita 60 kwa saa na tairi lile lile. Anayetoa upepo awe na pampu ya kuurudisha.

Ukiwa umechuchumaa pale, tazama mambo mawili zaidi. Kati ya meno ya tairi kuna vinundu vidogo. Meno yakichakaa hadi kulingana navyo, tairi limekwisha. Kisha gonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia ting. Iliyolegea hutoa sauti butu. Spoki legevu chache zikiachwa, zilizobaki hubeba uzani wote na huanza kukatika, hasa huku kwetu Pwani ambako hewa ya chumvi hula chuma haraka.

Shoki

Shoki za nyuma za pikipiki hizi huwa mbili, kila upande moja, na nyingi zina pete yenye ngazi nne au tano chini au juu ya springi. Ukizungusha pete hiyo kwa spana yake maalumu, springi hubanwa zaidi au hulegezwa. Watu wengi hudhani kazi yake ni kufanya pikipiki iwe ngumu au laini. Kazi yake hasa ni kurudisha kimo: kuifanya sehemu ya nyuma isizame sana abiria akikaa.

Sehemu ya nyuma ikizama, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Shoki hubaki na nafasi ndogo ya kucheza, hivyo shimo la kwanza linaigongesha hadi mwisho na abiria anarushwa kutoka kitini. Uma wa mbele huelemea nyuma, usukani ukawa mzito kukata kona na gurudumu la mbele likatanga mbali na njia uliyokusudia. Na taa ya mbele huinuka, ikamulika minazi badala ya barabara na kumpofusha anayekuja.

Pima hivi. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likining'inia. Kwa futi kamba, pima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi alama utakayoiweka kwenye fremu moja kwa moja juu yake. Sasa itoe kwenye stendi, dereva akae, na mwenzake wa uzani wa wastani akae nyuma, miguu yote kwenye vikanyagio, mtu wa tatu akiwashikilia wasianguke. Pima tena. Shoki za aina hii husafiri sentimita 8 hadi 10 tu. Kama kipimo kimepungua kwa karibu thuluthi moja ya hiyo, yaani sentimita 3 hivi, hali ni nzuri. Kikipungua kwa 5 au 6, panda ngazi moja ya pete na upime upya. Pete za pande zote mbili lazima ziwe ngazi moja. Nimeona pikipiki kadhaa ambazo upande wa kulia uko ngazi ya nne na wa kushoto ya pili. Pikipiki kama hiyo hujipinda kila inapokanyaga shimo, na mwenyewe akalaumu barabara.

Ukiwa umefika ngazi ya mwisho na bado inazama, springi imechoka. Kagua pia kama kuna oili inayovuja kwenye fimbo ya shoki. Shoki iliyovuja haizuii tena kurukaruka. Bonyeza kiti kwa nguvu kisha uachilie, na ikiwa pikipiki inapanda na kushuka zaidi ya mara moja, shoki imekufa. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja. Kuna wanaochomelea shoki ya ziada au springi ya gari kando ya ile ya zamani. Hiyo huzuia kuzama, lakini nguvu ya kila shimo huhamia kwenye fremu, na fremu hupasuka kwenye maungo.

Kabla ya kuondoka hapo, shika gurudumu la nyuma na ulisukume kulia na kushoto. Likicheza, bushi za mkono wa nyuma au beringi za gurudumu zimeisha. Dereva akiwa peke yake huenda asihisi. Abiria akipanda, pikipiki huanza kutikisa kiuno kwenye kona.

Cheni, breki na taa

Cheni ina siri moja ambayo hata baadhi ya mafundi huisahau. Abiria anapokaa na mkono wa nyuma ukainuka, umbali kati ya sproketi ndogo na ekseli huongezeka, na cheni hukaza. Ukaza wake hufikia kilele pale sproketi ndogo, boliti kuu ya mkono wa nyuma na ekseli zinapokuwa kwenye mstari mmoja. Kwa hivyo cheni iliyokazwa vizuri pikipiki ikiwa tupu inaweza kuwa imebanwa kupita kiasi watu wawili wakipanda. Cheni ya namna hiyo hula sproketi na beringi, na siku moja hukatika na kujisokota kwenye gurudumu.

Zungusha gurudumu polepole utafute mahali cheni inapokaza zaidi, kisha urekebishe hapo mpaka katikati yake icheze sentimita 2 hadi 3, au kama kitabu chako kinavyosema. Alama za pande zote mbili za ekseli zilingane. Kisha watu wawili wakae, na wa tatu aiguse: lazima ibaki na mchezo, angalau sentimita moja. Mwenye njia ya mchanga asiimwagie cheni oili nzito nyingi. Mchanga huganda juu yake ikawa msasa. Pangusa, paka kidogo, pangusa tena.

Ukiisogeza ekseli kwa ajili ya cheni, umebadilisha pia urefu wa fimbo ya breki ya nyuma. Irekebishe papo hapo. Kanyagio la breki lishuke sentimita 2 hadi 3 kabla breki haijaanza kushika, na taa nyekundu ya nyuma iwake mapema. Kwenye breki za ngoma kuna kialama cha mshale kwenye mkono wa breki. Kikipita kikomo unapokanyaga, brekishuu zimeisha, hata kama bado unaweza kukaza nati.

Abiria akiwepo, gurudumu la nyuma lina uzani zaidi na breki yake inashika vizuri kuliko dereva akiwa peke yake. Madereva wengi hulijua hilo kwa hisia, wakaizoea breki ya nyuma tu. Lakini ya mbele bado ndiyo yenye nguvu kubwa, na lazima iwe hai: waya wake usiwe umeota kutu, mkono wake usifike kwenye usukani ukibanwa. Kumbuka kwamba kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa pikipiki husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Hizo ni mita zinazopotea kabla hata mkono haujafika kwenye breki, na baada ya hapo unasimamisha uzani mkubwa kuliko wa dereva akiwa peke yake.

Taa irekebishwe mwisho kabisa, baada ya upepo na shoki, watu wawili wakiwa wamekaa. Isimamishe mita 5 kutoka ukutani wakati wa magharibi. Katikati ya mwanga mdogo iangukie karibu sentimita 5 chini ya kimo cha taa yenyewe. Pia nenda nyuma utazame: taa nyekundu na namba ya pikipiki zionekane abiria akiwa amekaa na nguo zake zimening'inia.

Mahali pa abiria

Mpaka hapa tumeshughulikia chombo. Sasa mwenye kulipa nauli. Abiria anahitaji vitu vitatu: pa kukalia, pa kukanyagia na pa kushika. Kiti kiwe kimefungwa kwa boliti zake zote, sponji isiwe imebonyea kuelekea nyuma. Vikanyagio viwe viwili, vyenye mpira, na vikunjuke kikamilifu. Kikanyagio kisicho na mpira huteleza mvua ikinyesha. Kisichokuwepo kabisa kinamlazimu abiria kuning'iniza mguu au kuuweka juu ya silensa. Chuma cha kushika kilicho kando au nyuma ya kiti kitikiswe kwa nguvu. Mara nyingi ndicho kinachofungwa na boliti zilezile za kerea, na kerea ikilegea nacho kinalegea.

Silensa ya pikipiki hizi iko upande wa kulia, na ndiyo inayochoma ndama za miguu ya abiria wetu, hasa watoto na kina mama. Ngao ya chuma inayoifunika ikiwa imetolewa kwa sababu ilikuwa inapiga kelele, irudishwe na ikazwe. Abiria apande na ashuke upande wa kushoto, dereva akiwa ameshakanyaga chini kwa miguu miwili. Neno dogo linatosha: "Mama, panda huku kushoto, huko kuna moto." Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, unga, mafuta wala yai. Aende kituo cha afya ikiwa ngozi imetoa lengelenge kubwa.

Huku kwetu nguo ni suala la kipekee. Leso, dera, buibui na kanzu ni nguo pana, nazo hupeperuka. Upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma, kwenye pikipiki nyingi, ndiko kuliko cheni na sproketi. Kifuniko kamili cha cheni si pambo. Aliyekikata kwa sababu kinasumbua wakati wa kupaka oili amefungua mdomo unaoweza kuvuta nguo ya mtu. Pikipiki nyingi za kutoka India huja na wavu wa chuma kando ya gurudumu la nyuma, uliobuniwa kwa ajili ya sari za wanawake wa huko. Unafaa dera vilevile. Wengi huutoa ili waning'inize mizigo. Aurudishe anayebeba watu. Dereva naye asiondoke kabla ya kugeuka na kuona nguo imekunjwa na kukaliwa, na ncha ya leso haining'inii.

Wapo abiria wanaokaa kwa upande, miguu yote kushoto, kwa ajili ya nguo au heshima. Aliyekaa hivyo ana mguu mmoja tu wa kukanyagia au hana kabisa, na uzani wake uko upande mmoja, hivyo dereva anaendesha akiwa ameinamia kulia safari nzima. Breki ya ghafla inaweza kumtupa barabarani. Suruali nyepesi ndani ya dera au buibui inamwezesha kukaa kwa kupanua miguu bila kujifunua. Ikiwa hawezi, tuktuk ni bora kwake, hata kama nauli imezidi kidogo.

Siku hizi baadhi ya vijana wanapenda pikipiki ndogo za mtindo wa kruza, zile za kiti cha chini, usukani mpana na vikanyagio vilivyosogezwa mbele, kama Honda Rebel 250 au Yamaha Virago 250. Zinampendeza dereva, ila nyuma yake kwa kawaida kuna kipande kidogo cha kiti, chembamba, wakati mwingine kimeinamia nyuma. Mtindo wenyewe unataka nyuma pawe chini, kwa hiyo shoki husafiri kidogo na hugonga mwisho haraka. Anayetaka kubeba mtu kwa kruza abadilishe kiti cha nyuma kwanza, afunge egemeo la mgongo kwenye fremu yenyewe (si kwenye bati la matapakoni), apandishe ngazi ya shoki, na akague kwamba vikanyagio vya abiria vipo. Kwa biashara ya kila siku kwenye njia zetu, pikipiki ya kawaida inafaa zaidi.

Helmeti, jaketi na karatasi

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaruhusu abiria mmoja tu, na inawataka dereva na abiria wote wawili kuvaa helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Kwa hivyo pikipiki ya abiria ni pikipiki yenye helmeti mbili. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti kutoka nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69.

Helmeti ya abiria isining'inizwe kwenye kioo cha pembeni kama ushahidi wa kuonyesha polisi. Iwe na alama ya ubora ya KEBS, na kamba yake ifungike. Helmeti isiyofungwa hutangulia kuanguka kabla ya kichwa. Abiria wengi huikataa kwa sababu ya jasho la waliotangulia, na wana haki. Ianikwe juani kila mchana, na uwe na vitambaa safi vyepesi vya kuvaa ndani yake. Mwenye ushungi au leso anaweza kuivaa juu yake, ilimradi hakuna fundo nene nyuma ya kichwa.

Leseni ya kubeba abiria kwa malipo ni daraja la A3. Daraja la A2 ni la pikipiki, lakini si la biashara ya boda boda. Bima nayo iangaliwe: bima ya matumizi binafsi kwa kawaida haimlipi abiria aliyelipa nauli, hata kama cheti kinaonekana halali. Mwambie wakala waziwazi kwamba unabeba watu.

Mtoto

Mtoto anahesabiwa kuwa abiria. Akipakatwa mbele juu ya tangi la mafuta, yeye ndiye anayegonga usukani kwanza, na kifua cha dereva kinamfuata kwa nyuma. Akiwekwa kati ya dereva na mama yake, tayari ni abiria wawili. Kipimo rahisi cha mtoto anayeweza kubebwa nyuma peke yake ni hiki: miguu yake ifike kwenye vikanyagio akiwa amekaa sawasawa, mikono yake iweze kushika imara, na helmeti ya saizi yake iwepo. Wa darasa la kwanza wengi hawafikishi. Tunajua asubuhi stejini ikoje, na tunajua mzazi mwenye watoto watatu wa shule ana shilingi ngapi mkononi. Wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kupatana na tuktuk moja kwa mwezi; sehemu za Malindi na Mtwapa ambako tuktuk ni nyingi, jambo hilo si gumu. Kule ambako hazifiki, safari tatu za mtoto mmoja mmoja ni salama kuliko moja ya watatu.

Ukimaliza kurekebisha yote, usianze na mteja. Mchukue mwenzako wa stejini, nendeni uwanja ulio wazi. Ondoka polepole, kata kona kushoto na kulia, kisha funga breki zote mbili kutoka mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mara tatu. Mwenzako akuambie kama aliteleza mbele kitini, kama kikanyagio kilicheza, kama alisikia shoki ikigonga. Badilishaneni: wewe ukae nyuma, yeye aendeshe. Kisha kagua nati zote ulizozigusa, na ukague tena baada ya wiki moja, kwa sababu boliti iliyofunguliwa karibuni hulegea mapema kwenye barabara za kifusi.